Mnara wa Mashujaa Juu ya Kilima cha Tambiko: Je, Wanaoupinga Wanafukuza Watalii?

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi katika kijiji kimoja kusini mwa Tanzania, katika maeneo yaliyopiganiwa Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Tumeletewa mpango wa kujenga mnara mrefu wenye sanamu za mashujaa juu ya kilima ambacho wazee wetu hukitumia kwa tambiko, na ambacho kina makaburi ya zamani. Tunaambiwa kwamba mnara utaleta watalii, barabara na ajira. Wengi wetu hatuutaki, na sasa tumeanza kuitwa wapinga maendeleo. Je, ni kweli kwamba minara ya namna hii huleta watalii? Na je, sisi tunaoupinga tunajinyima riziki kwa mikono yetu wenyewe?"

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Waliowaletea mpango huu wameyafunga mambo mawili katika kitita kimoja, na kazi yangu ya kwanza ni kukifungua. Jambo la kwanza ni kama mnara unaweza kuvuta watu. Jambo la pili ni kama watu hao, wakishakuja, watawaachia wenyeji chochote zaidi ya vumbi la magari yao. La kwanza mara nyingi jibu lake ni ndiyo. La pili halina jibu mpaka ijulikane ardhi ni ya nani baada ya ujenzi, kiingilio kinakwenda kwenye mfuko gani, na mgeni atakula na kulala wapi. Ninyi mnaoupinga mnara mnauliza la pili, nao wanaoutetea wanawajibu la kwanza, ndiyo maana mikutano yenu inaishia kwenye maneno ya kuudhiana.

Nianze na mfano ambao watetezi wa minara mikubwa huupenda kuliko mingine yote, kwa sababu kwa hesabu ya wageni peke yake umefaulu. Katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, ilizinduliwa tarehe 31 Oktoba 2018 sanamu ya Sardar Vallabhbhai Patel, mmoja wa viongozi wa uhuru wa nchi hiyo. Ina urefu wa mita 182 na iligharimu takriban rupia bilioni 30. Wahindi huiita Sanamu ya Umoja. Imesimama kwenye kisiwa kidogo cha mto Narmada, karibu na bwawa kubwa la Sardar Sarovar, mahali ambapo kabla ya hapo mtalii hakuwa na sababu kubwa ya kufika. Mwaka wake wa kwanza ilipokea wageni zaidi ya milioni mbili. Mwanzoni mwa mwaka 2021 reli ilifikishwa hadi Kevadia, mji ulio jirani na sanamu, na eneo lote limejaa hoteli, bustani na mahema ya kifahari. Anayesema kwamba sanamu haiwezi kuleta watu atakuwa anabishana na macho yake.

Lakini wakazi wa vijiji vya jirani, wengi wao wakiwa watu wa makabila ya asili wanaoitwa Adivasi, waliipinga tangu mwanzo. Kabla ya uzinduzi, viongozi wa vijiji 22 walimwandikia barua Waziri Mkuu Narendra Modi wakimwambia kwamba hawatamkaribisha. Hawakuwa na ugomvi na Patel wala na wageni. Ardhi ya vijiji sita vya hapo ilikuwa imetwaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya mradi wa bwawa, na wenyeji walikuwa bado wanadai kwamba hawakulipwa haki yao, ilhali sehemu ya ardhi hiyo sasa ilikuwa inageuzwa viwanja vya utalii. Pia walikuwepo wakulima waliolalamika kwamba bwawa liko jirani na mashamba yao lakini maji ya kumwagilia hawayapati, na kwao sanamu ya mabilioni juu ya mto huo ilikuwa kama kuchekwa. Baada ya uzinduzi wapo waliopata kazi, wakiwemo wanawake wanaoendesha bajaji za umeme za kubebea wageni, na sitaki kulidharau hilo. Hata hivyo, mtu aliyekuwa na shamba lake, leo akiwa mlinzi kwenye lango la hoteli iliyo juu ya shamba lilelile, hesabu yake ya faida haiwezi kufanana na ya mwenye hoteli. Wageni wamekuja kwa mamilioni na mgogoro wa ardhi umebaki palepale, kwa sababu idadi ya wageni haikuwa dawa ya ugonjwa ule.

Mfano wa pili ni wa Afrika na unafanana zaidi na wenu, maana ndani yake mna kilima, imani na swali la nani aliyeulizwa. Dakar, mji mkuu wa Senegal, una vilima viwili vilivyokaa kama matiti kando ya bahari, na ndiyo maana vinaitwa Mamelles. Juu ya kimoja uko mnara wa taa uliojengwa karne ya 19 kuongoza meli. Juu ya kingine Rais Abdoulaye Wade alisimamisha Mnara wa Mwamko wa Afrika, wenye urefu wa mita 49, uliozinduliwa Aprili 2010 nchi ilipokuwa ikitimiza miaka 50 ya uhuru. Ni sanamu ya mwanamume aliyebeba mtoto mkono mmoja na kumshika mwanamke kwa mkono wa pili, wote wakielekea baharini. Ilijengwa na kampuni ya Mansudae ya Korea Kaskazini, na gharama iliyotajwa wakati huo ilikuwa dola za Marekani milioni 27, ambazo hazikutoka hazina moja kwa moja, bali zilipatikana kwa mpango wa kubadilishana na ardhi ya umma.

Tazama jinsi upinzani ulivyokuwa na milango mingi. Maimamu walisema kwamba sanamu kubwa namna hiyo inakaribia kuwa sanamu ya kuabudiwa, na nguo ya mwanamke yule, iliyoacha paja wazi, haikuwa ya heshima katika nchi ambayo Waislamu ni zaidi ya tisa katika kila watu kumi. Wakristo, ambao awali hawakuwa na ugomvi, walikasirika pale Rais alipojaribu kuitetea sanamu kwa kuilinganisha na yale wanayoyafanya wao makanisani, na ikabidi waombwe radhi. Wasanii waliuliza kwa nini mnara wa mwamko wa Afrika uchongwe na watu wa Pyongyang wakati Senegal ina wachongaji wanaojulikana duniani. Wananchi wa kawaida, waliokuwa wakikatiwa umeme kila siku na ambao mitaa yao ilikuwa ikifurika maji ya mvua, waliuliza kuhusu fedha. Juu ya yote hayo, Rais alitangaza kwamba asilimia 35 ya mapato ya utalii ni haki yake yeye kama mwenye wazo. Siku ya uzinduzi, marais wageni walikuwa wamekaa chini ya mnara huku maelfu ya watu wakiandamana mjini.

Ile asilimia 35 nadhani ndiyo iliyouharibu mpango kuliko paja la sanamu. Mtu anaweza kukusamehe kwa kujenga kitu asichokipenda, lakini ni vigumu kukusamehe akigundua kwamba ulipokuwa ukimhubiria urithi wa wote, mfukoni ulikuwa na mkataba wa mmoja. Wade alishindwa uchaguzi mwaka 2012. Siwezi kusema ni kwa sababu ya sanamu, yalikuwepo makubwa zaidi, ila sanamu ilikuwa imeshageuka kuwa alama ya kila kilichowakera watu katika utawala wake.

Na leo? Mnara upo, ngazi zake karibu 200 zinapandwa kila siku, lifti inawapeleka wageni hadi kichwani mwa yule mwanamume ili waione bahari, na picha yake iko kwenye kila kitabu cha safari za Dakar. Asubuhi na jioni vijana wa mjini huzitumia ngazi zile kwa mazoezi ya mbio, matumizi ambayo nina hakika hayakuwemo kwenye mpango. Lakini mgeni anayetoka mbali kuitafuta historia ya Senegal hupanda kivuko kwa dakika kama 20 kwenda kisiwa cha Gorée, kwenye vichochoro vya zamani na Nyumba ya Watumwa, mahali palipokuwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1978. Mnara anaupitia kwa saa moja akiwa njiani. Tofauti hiyo, Mwalimu, kati ya mahali mgeni anapopaendea na mahali anapopapitia, ndiyo tofauti kati ya mama lishe kuuza sahani 40 na kuuza chupa mbili za maji.

Wapo waliozuia kabisa. Mwaka 2018 wananchi wa Malawi walikwenda mahakamani kuipinga sanamu ya Gandhi iliyokuwa ikijengwa Blantyre, wakitaja maneno yake ya kuwadharau Waafrika alipokuwa Afrika Kusini, na Mahakama Kuu ikaamuru ujenzi usimame. Serikali ilikuwa imeeleza kwamba sanamu inakwenda pamoja na ujenzi wa ukumbi wa mikutano kwa fedha za India, yaani hoja ileile mnayopewa ninyi, ya kwamba ukikataa hiki unakosa na kile. Mwezi Desemba mwaka huohuo sanamu nyingine ya Gandhi iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana, miaka miwili na nusu tu baada ya kuzinduliwa na Rais wa India. Sikusikia kwamba utalii wa Malawi au wa Ghana ulianguka kwa sababu hiyo.

Turudi kwetu, ambako hatuna ugeni na sanamu za kuletewa. Mahali penye Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ambayo wenyeji wa zamani huiita Bismini, Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann. Waingereza walipoiteka nchi waliing'oa na kuipeleka kwao kama ngawira, na mwaka 1927 wakasimamisha ya askari Mwafrika mwenye bunduki. Ile ya Wissmann iliishia Hamburg, na huko nako wanafunzi waliiangusha miaka ya 1960. Kila mwenye nguvu alisimamisha mtu wake kwenye njia panda ileile bila kumuuliza mkazi wa Dar es Salaam. Watalii hupiga picha Bismini wakiwa ndani ya gari, kisha huondoka.

Sasa linganisha na Mkunazini, Zanzibar. Pale kando ya Kanisa Kuu la Kianglikana, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, kuna shimo la mstatili lililochimbwa ardhini, na ndani yake zimesimama sanamu tano za watu zilizochongwa na msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, katika miaka ya 1990. Shingoni zimefungwa pingu na minyororo ya chuma ya kweli. Hazimzidi mtu mzima kwa urefu, na kwa kuwa ziko shimoni, wewe mgeni ndiye unayeziinamia. Nimesimama pale mara kadhaa na makundi tofauti, na kila mara nimeona jambo moja: mwongoza watalii hupunguza sauti kabla ya kufika ukingoni, na watu waliokuwa wakicheka kwenye mlango wa kuingilia hunyamaza bila kuambiwa. Kisha huingia kwenye vyumba vya chini, hutoka, huuliza maswali, hukaa kwenye ngazi za kanisa. Saa mbili zinapita. Gharama ya kazi ile ni kama nukta ukiiweka mbele ya zile za Dakar na Gujarat, lakini sijui mtalii aliyefika Mji Mkongwe akaondoka bila kuambiwa aende kuiona. Kinachowavuta ni kwamba wamesimama mahali penyewe, na sanamu inawasaidia kupaona bila kupafunika.

Hapo ndipo ninapotaka tukitazame kilima chenu. Mpango mlioletewa unasema kwamba mnara utakipa kilima thamani. Kwa macho ya mtu anayeifahamu biashara hii, mambo yamegeuzwa chini juu. Kilima chenye makaburi ya zamani, chenye wazee wanaojua majina ya waliozikwa, mahali ambapo tambiko halijakatika, katika nchi ya vita iliyoanzia kwenye vilima vya Wamatumbi mwezi Julai 1905 kwa kung'oa mipamba, tayari ni kitu ambacho mgeni mwenye nia atasafiri siku mbili kukiona. Ukikikata kichwa kwa tingatinga ili upate uwanja wa kuegesha magari, ukamwaga zege na kusimamisha sanamu iliyotengenezwa kiwandani, umeiondoa bidhaa dukani ukabakiza bango la duka. Upinzani wa wazee wenu, hata kama wao hawautamki kwa lugha ya biashara, ndio ulinzi wa mtaji huo.

Wala si lazima tambiko na utalii viwe maadui. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wana misitu mitakatifu ya kaya, na kadhaa kati yake iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kaya Kinondo, katika kaunti ya Kwale, inapokea wageni kwa masharti ya wazee wenyewe: mgeni huvikwa kaniki, huongozwa na mwenyeji, hutembea kwenye njia aliyoonyeshwa, na hatoki na chochote, hata jani lililoanguka. Kuna sehemu ambazo haruhusiwi kufika kabisa. Mtu asiyeijua kazi hii angedhani masharti yatamfukuza mgeni, kumbe ndiyo anayokwenda kuwasimulia wenzake kwao. Hakuna mnara mle ndani, na ukiwekwa mmoja leo sidhani kama kaya ingebaki kaya kwa muda mrefu.

Sasa niwe mkweli kuhusu hesabu, maana wanaowaahidi mafuriko ya watalii hawakuwa wakweli. Kusini mwa nchi yetu kuna magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na bado wageni wanaofika huko ni wachache mno ukiwalinganisha na wa Ngorongoro au Mji Mkongwe. Ikiwa mji uliotawala biashara ya dhahabu ya Bahari ya Hindi haujazijaza nyumba za wageni za Kilwa Masoko, mnara mpya hautazijaza za kwenu kwa urefu wake tu. Umbali, usafiri na ratiba za kampuni za watalii ndivyo vinavyoamua. Wageni mtakaowapata miaka ya mwanzo ni wanafunzi wa shule na vyuo, watafiti, wajukuu wa waliopigana wanaotoka Dar es Salaam na Songea, pamoja na Wajerumani wachache wanaofuatilia yale babu zao waliyoyatenda. Ni wageni wazuri, wanaosikiliza na kulala, lakini hawafiki kwa mabasi kumi kwa siku. Mradi wowote uliopimwa kwa mabasi kumi utawafilisi.

Jambo lingine ambalo halizungumzwi kwenye uzinduzi ni matunzo. Miaka michache iliyopita nilikwenda na wenzangu wawili kuutazama mnara wa kumbukumbu katika wilaya moja ambayo sitaitaja. Tulikuta geti limefungwa kwa kufuli na mnyororo. Mbuzi watatu walikuwa wamelala kwenye kivuli cha jiwe la msingi, vigae viwili vilikuwa vimebanduka, na majani yalikuwa yamefika kwenye magoti ya shujaa. Kijana wa bodaboda aliyetuleta alituambia kwamba ufunguo anao afisa mmoja, na afisa huyo yuko kwenye semina mjini hadi Ijumaa. Tulipiga picha kupitia kwenye nondo, tukanunua soda moja moja, tukaondoka. Soda tatu ndiyo mapato yote ambayo kijiji kile kilipata kutoka kwetu siku ile. Walikuwa na fedha za kujenga, hawakuwa na fungu la mlinzi.

Kwa upande mwingine, nisingependa mchukue maneno yangu kama cheti cha kwamba kila mpinzani ana haki. Katika migogoro niliyoifuatilia, nyuma ya neno "tambiko" nimewahi kukuta ugomvi wa mpaka wa shamba, nimekuta koo mbili zinazogombania ni babu wa nani atakayechongwa, na nimekuta diwani aliyeshindwa uchaguzi akitafuta jukwaa. Vita vya Maji Maji vina hatari hiyo zaidi kuliko vita vingine, kwa sababu vilipiganwa na makabila mengi: Kinjeketile Ngwale, mganga wa maji ya dawa, alitoka Ngarambe, wa kwanza kuasi walikuwa Wamatumbi, Wangoni walinyongewa mashujaa wao Songea tarehe 27 Februari 1906, na kila upande una namna yake ya kusimulia. Ukisimamisha sanamu ya mtu mmoja umeshachagua msimulizi. Aidha, vijana wenu wanaoutaka mnara msiwaite wasaliti. Wanataka kazi, na mkiishia kusema "hapana" bila kuwaonyesha njia nyingine, watamsikiliza anayewaambia "ndiyo", hata akiwa mwongo. Mwalimu wa miaka mingi unajua kwamba mtoto akiulizwa swali na kujibiwa kwa ukali haachi kuuliza, anakwenda tu kumuuliza mwingine.

Kwa hiyo ningewashauri mje na mapendekezo yenu wenyewe mezani, na ningeyaweka hivi. Kilima kibaki kama kilivyo, na sehemu ya tambiko itambuliwe rasmi, ikiwezekana kwa sheria ndogo za kijiji. Kumbukumbu ijengwe chini, kwenye njia ya kupandia, kwa kimo cha binadamu: ukuta wa majina, jiwe lenye maelezo ya Kiswahili kilichosanifiwa vizuri, na chumba kimoja cha kuhifadhia sauti za wazee waliosimuliwa na baba zao, kazi ambayo isipofanyika katika miaka michache hii haitafanyika tena. Mnaweza kujifunza Songea, ambako makumbusho ya Maji Maji yamekaa na kaburi la mashujaa mahali pamoja, na kila mwezi Februari watu huenda kwa sababu wana waliozikwa pale. Mnaweza pia kujifunza Old Moshi, ambako Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa hapo, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900: pale ukumbusho uliowekwa mwaka 2019 ni mdogo tu, umekaa karibu na mti unaokumbukwa kwa mauaji yale, na umelifanya dai la ukoo wake la kurudishiwa fuvu la kichwa chake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani, lisikike mpaka Berlin. Vijana wafundishwe kuongoza wageni, nyumba nne au tano ziandaliwe vyumba safi vya kulala, na kiingilio kigawanywe kwa maandishi kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Mkiwa mezani, sheria haiwaachi mikono mitupu. Kama kilima ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka utaratibu kabla haijahamishwa kuwa ardhi ya matumizi mengine: taarifa itolewe angalau siku 90 kabla, mkutano mkuu wa kijiji upewe nafasi ya kuijadili, na aina na kiasi cha fidia vikubaliwe kabla ya uhamisho, si baada yake. Eneo lisilozidi hekta 250, na kilima chenu bila shaka hakifiki huko, linahitaji uamuzi wa mkutano mkuu wenyewe, sio wa halmashauri ya kijiji peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo ina utaratibu wa tathmini ya athari kwa mazingira, na ndani yake wananchi husikilizwa. Ombeni kwa barua upembuzi yakinifu wa mradi, yaani ripoti ya uchunguzi wa kama mradi unaweza kufaulu. Ndani yake tafuteni mambo matatu tu: idadi ya wageni waliokadiriwa na imetokana na nini, bajeti ya matunzo ya mwaka wa tano, na jina la chombo kitakachopokea kiingilio. Kama upembuzi haupo, basi ahadi za ajira mlizopewa hazikutokana na hesabu yoyote, nanyi mna haki ya kulisema hilo mbele ya mkuu wa wilaya bila kupandisha sauti.

Neno langu la mwisho ni la utaratibu, na nakuomba usilichukulie kuwa dogo. Mkutano mkuu utakapoitishwa, karatasi ya mahudhurio huwa inazungushwa mapema, watu wakiwa bado wanasalimiana. Mwambie mtendaji, kwa adabu, kwamba kila ukurasa wa karatasi hiyo uandikwe juu yake kwa kalamu maneno "Mahudhurio tu, si ridhaa", pamoja na tarehe, na kwamba muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Nimeona sahihi 300 za watu waliokuja kuukataa mradi zikiambatishwa kwenye barua ya kuomba fedha kama ushahidi kwamba waliukubali. Wewe una mwandiko wa mwalimu, kwa hiyo uombe ukatibu wa siku hiyo, na nakala moja ya muhtasari ibaki kwako.